Sitaki Ku

Mdogo wangu alidhani ni kufuli. Kila jioni akirudi nyumbani kwake Nairobi, ufunguo ulikataa kuzunguka, na yeye akaamini kutu imeingia. Akalitia kufuli mafuta, halafu akanunua jingine jipya, na hilo nalo likakataa. Siku jirani alipochukua ufunguo uleule na kufungua bila hata kukaza mkono, ndipo alipotazama kidole gumba chake na kuona nyama ya chini yake imebonyea, kama kiazi kilichosahaulika jikoni.

Alinisimulia hayo kwa simu akicheka. Kazi yake ilikuwa kutunza seva za kampuni moja, zile kompyuta zinazokaa kwenye chumba cha baridi na hazizimwi, na alisema labda ni kuandika kwingi kumemchosha mkono. Mimi pia nilicheka. Mvua ya masika ilipokuja, mkono wa pili ulikuwa umeanza, na alikuwa ameanguka kwenye ngazi za ofisi mbele ya watu.

Tulizunguka hospitali nyingi. Daktari wa mwisho, mama mmoja mpole, alituambia ni ugonjwa unaokausha mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kwenye misuli. Akili haiguswi. Atasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, na mwili utaendelea kumwacha kidogo kidogo mpaka ufike kwenye kupumua. Nikauliza dawa. Alisema ipo ya kupunguza mwendo, ya kuzuia haipo. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu, ni kiungo gani hubaki mwisho. Daktari akasema mara nyingi ni macho.

Akarudi kwetu Kuresoi, kwa mama. Baba alishakufa zamani. Mama alimwandalia chumba alichokuwa akiwekea viazi vya mbegu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na jikoni na hakina ngazi. Alikipaka chokaa, akaweka pazia, lakini harufu ya udongo na machipukizi haikutoka. Mdogo wangu alisema haimsumbui, na kwamba chumba cha seva kilikuwa hakina harufu kabisa na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Mimi nakaa Nakuru, mtaa wa Free Area, na ninaandika programu za kompyuta kwa kampuni ndogo inayouzia maduka ya mbegu na mbolea mitambo ya kuandikia mauzo. Kazi hiyo sikuisomea chuoni. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Rhonda, cha kuchapa barua na kutoa kopi, na mdogo wangu alipokuwa chuo kikuu alikuwa akija likizo anakaa nami pale kibandani, ananifundisha kuandika programu wateja wakipungua. Alikuwa mwalimu mkali. Ukimwonyesha kazi inayofanya kazi, anakuuliza kwa nini inafanya kazi, na ukikosa jibu anaifuta. Kila kinachonilisha leo kilitoka kwake, na nilipokuwa nikipanda kwenda Kuresoi kila Jumamosi, hilo ndilo nililokuwa nikiwaza njia nzima, mpaka mama apige simu kuuliza kama nimeshapita Sachangwan, kwenye ule mteremko wa ajali. Alikuwa hatulii kabla sijamjibu kwamba nimepita.

Mwanzoni alikuwa bado anaongea, ingawa maneno yalitoka yamelala, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Jumamosi moja aliniambia mimi dada yake kwamba anachokikosa si kutembea.

"Nataka kuingia kwa mashine yangu, siz," alisema. "Nikae ndani tu. Hata kama hakuna kazi."

Mashine hiyo ilikuwa kwangu. Tulipohamisha vitu vyake kutoka Nairobi niliibeba mwenyewe, kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake kipande kwa kipande, nikaiweka chini ya meza chumbani mwangu na kuiacha inawaka. Kuingia kwenye mashine iliyo mbali ni jambo la kila siku kwa watu wa kazi yetu. Unafungua mlango uliofichwa kwa siri, maneno yanayopita yamefumbwa hivi kwamba mtu wa njiani hawezi kuyasoma, na upande wa pili unapata kile tunachokiita shell, ukurasa mweusi wa maandishi matupu. Unaandika amri, mashine inajibu, unaandika nyingine. Hakuna picha, kwa hiyo hata mtandao mwembamba wa Kuresoi unatosha. Tatizo ni kwamba programu zote za kufanya hivyo humtarajia mtu mwenye vidole. Yeye alikuwa amebakiwa na kimoja, cha shahada, cha kulia, nacho kilikuwa kinaweza kushuka lakini hakikuweza kuchagua.

Basi nikaamua nitamwandikia yake. Kwenye laptopu yake kuukuu, herufi zingepangwa kwa mistari, na mwanga ungepita mstari kwa mstari. Akibonyeza kitufe, mwanga unaingia ndani ya mstari huo na kupita herufi kwa herufi. Akibonyeza tena, herufi imechaguliwa. Na chini ya herufi hizo, programu yenyewe ingefungua mlango hadi Nakuru na kumpelekea anachochagua.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa mwanga. Kumbe mwanga ulikwisha jioni moja, na mlango ndio ulionisumbua.

Mara ya kwanza nilimpelekea kitu kilichotuma amri moja na kurudisha jibu lake. Alikijaribu kwa muda mrefu, kidole kikishuka na kupumzika, mimi nimesimama nyuma yake. Aliingia kwenye folda ya kazi zake, akaomba kuona kilichomo, na mashine ikamwonyesha vitu vya folda nyingine kabisa. Akaguna. Alinieleza kwa taabu kwamba nilikuwa nikimfungulia mlango, nikichukua ujumbe wake, na kumfukuza, kila amri upya. Haikuwa shell. Ilikuwa ni tarishi. Alitaka akiingia akae, na mashine ikumbuke alipo.

Niliporudi na ile ya pili, shell ilifunguka kweli, lakini ilikuwa bubu. Alichoandika hakikuonekana, na kila programu aliyoiita ndani yake ilikataa kusimama, kwa sababu sikuwa nimeiambia mashine kwamba kuna mtu ameketi mbele ya skrini. Lazima uiombe terminal, yaani skrini ya kuandikia, uiambie upana wake na urefu wake, ndipo iamini kuna mtu. Hilo nalo nilirekebisha. Ya tatu ikaganda. Programu yangu ilikuwa ikisubiri mashine iseme kitu, na mashine ilikuwa ikisubiri mdogo wangu aandike kitu, na kwa kuwa programu ilikuwa inasubiri, haikuona kwamba amebonyeza. Nilijifunza kuweka masikio mawili, moja kwa mashine na moja kwa kitufe, kila moja likifanya kazi bila kulingoja jingine.

Jambo lililomkasirisha hasa lilikuwa jingine. Mashine mbili zikikutana mara ya kwanza, hutakiwa kuthibitisha kwamba kweli ile ya upande wa pili ndiyo, kwa alama yake ambayo ni kama alama ya kidole. Mimi kwa haraka nilikuwa nimeandika kwamba programu ikubali mashine yoyote. Alipoliona alikataa kuendelea. Nikamwambia, nani ataiba nini kwangu Free Area, chini ya meza?

"Si kuiba," alisema. Alivuta pumzi kwanza. "Ni kujua naongea na nani."

Nikaenda nikaweka alama ya mashine ndani ya programu, na nikamtengenezea ufunguo wake wa siri ili asihitaji kuandika nywila. Aliponiambia sawa, nilijisikia kama siku zile za kibandani.

Mara iliyofuata ilifanya kazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mama alikuwa ameketi kitandani anamenya njegere. Mwanga ukapita, kidole kikashuka, na kwenye ukurasa mweusi zikaja herufi zake, moja moja, na mashine ya Nakuru ikamjibu kwa jina lake kama ilivyozoea. Mdogo wangu alilia. Mama akadhani ameumia, akamwaga njegere. Ilibidi nimweleze kwamba yuko kazini.

Kwa muda wote wa kiangazi alikuwa ndani ya mashine hiyo kuanzia chai ya asubuhi. Nilimwomba mkubwa wangu wa kazi, naye akakubali, mdogo wangu awe anatukagulia makosa kwenye mitambo ya maduka. Alikuwa akifanya kwa siku nzima kazi ambayo zamani angeifanya akisubiri chai ipoe, lakini alikuwa akiimaliza. Mtandao ulikuwa ukimkata kwa sababu aliandika polepole mno, unadhani hakuna mtu, nikaweka programu iwe inagusa mlango kila mara ili ujue yupo. Na mlango ukikatika kweli, alichokuwa akiandika upande wa Nakuru kilibaki kimesimama palepale mpaka arudi.

Siku moja nilikuwa nyumbani napika, nikaona skrini ya ile mashine chumbani imeandika neno katikati. *Uko?* Alikuwa ameandikia skrini yangu kutoka kitandani kwake. Niliketi chini nikamjibu niko. Nilisubiri sana. Halafu maneno yakaja moja moja. *Unapika nini.* Nilipomwambia maharagwe, akaandika kwamba mama naye ndiyo aliyopika, na kwamba ya mama yana chumvi nyingi lakini hawezi kumwambia.

Hiyo ndiyo iliyobaki kuwa sauti yake, kwa sababu ile nyingine ilikwisha kabla ya Krismasi. Mama alielewa macho yake. Kufumba ilikuwa ndiyo, kutazama juu ilikuwa hapana. Kwa chakula na choo na kugeuzwa hiyo ilitosha, na mama hakuona sababu ya zaidi. Mimi nilikuwa napata maneno. Nadhani mama alijua, na ilimuuma, kwamba mtoto anayemwosha na kumlisha kwa kijiko anaenda kuongea Nakuru.

Kidole kilipokufa, nilihamishia kitufe kwenye shavu, kwenye kishikizo kidogo kilichofungwa kwenye mto. Lakini shavu lilichoka upesi. Nikafikiria kumpunguzia kazi, nikaiongezea programu uwezo wa kukumbuka maneno aliyokwisha kuandika, ili akianza herufi mbili tatu, maneno yanayofanana yajitokeze pembeni na achague lote kwa mara moja. Hilo lilimsaidia sana. Mama alipoona maneno yanajitokeza yenyewe aliniuliza nani anayaandika. Nikamwambia ni yake, ya siku za nyuma, mashine inayakumbuka tu. Alitikisa kichwa polepole, na mimi nikadhani ameelewa.

Wakati huo watu wa kanisa walipanga maombi makubwa kwa ajili yake. Walitaka abebwe mpaka kanisani, awekwe mbele, wazee wamwekee mikono. Aliniandikia, *Msinipeleke kanisani.* Herufi kwa herufi, kwa sababu neno hilo hakuwahi kuliandika kabla. Nilimpigia mama simu nikamwambia, mama akasema sawa, wataombea hapa nyumbani. Wakaja, wakajaa chumba cha viazi hadi nje, na yeye akawa amefumba macho muda wote.

Baada ya hapo kifua kilianza. Usiku alikuwa anapaliwa na mate yake, na mama alilala ameketi. Daktari alituambia kwamba siku inakuja atashindwa, na hospitali itatuuliza kama tunataka atiwe bomba kooni na mashine impumulie, na kwamba akishatiwa bomba huwa hawalitoi. Alisema ni vizuri tuamue yeye mwenyewe akiwa bado anaweza kujieleza.

Jumatano moja nikiwa nimerudi kutoka kazini jioni mapema, nilikuta ujumbe kwenye skrini. *Nikishindwa kupumua msinipeleke. Nimechoka. Mwambie mum.*

Nilikaa kitandani nikaisoma mpaka macho yakauma. Nikamwandikia, una hakika? Hakujibu siku hiyo. Kesho yake aliandika kuuliza kama nitaleta machungwa Jumamosi.

Jumamosi niliyaleta. Mama alikuwa jikoni anachagua viazi, vizuri huku na vilivyooza kule. Nilimwambia alichoandika, nikamwonyesha kwa simu, kwa sababu nilikuwa nimekipiga picha. Mama hasomi haraka. Alisoma akifuata kwa kidole, akanirudishia simu, akaendelea kuchagua viazi.

"Hiyo maneno si yake," alisema.

Nikamwambia ni yake, mama, nani mwingine.

"Ni mashine. Nimekaa hapo nikaona. Anaanza kidogo, mashine inamalizia. Hiyo 'msinipeleke' ilikuwa ya kanisa. Ilikuwa huko ndani tayari." Aliinua macho. "Na ni wewe uliiweka."

Alikuwa sahihi kuhusu jinsi programu inavyofanya kazi. Neno lilikuwa kwenye orodha. Angeandika *msi* na lingejitokeza. Shavu lake siku hizo lilikuwa likiruka lenyewe wakati mwingine, bila yeye kutaka. Mimi niliamini ni yeye. Lakini tangu mama aseme vile, kila nikiusoma ujumbe ule nilikuwa naona mahali ambapo shavu lingeweza kuwa limeruka.

Nilimwambia mama tumuulize mbele yake, bila msaada wowote. Akakubali. Tukangoja Jumapili mchana, mama akitoka kanisani. Aliingia na kitambaa chake cha kichwa na kiatu kizuri, akaketi karibu na kichwa cha mdogo wangu, akamshika bega. Mbele ya macho yake nilifuta orodha yote ya maneno. Sasa kulikuwa na herufi tu. Nikafungua mlango wa Nakuru, na ukurasa mweusi ukatokea, mtupu.

Mama ndiye aliyeuliza. Alimwita kwa jina lake la utotoni. Akamwambia, baba, ukishindwa kupumua, tufanye nini.

Mdogo wangu alimtazama mama kwa muda, halafu akahamisha macho kwenye skrini.

Ilichukua sehemu kubwa ya mchana huo. Alikuwa akikosa, anafuta, anaanza tena, anapumzika mpaka naogopa. Nje wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti. *S. I. T.* Mama alikuwa anatamka kila herufi kwa sauti ya chini inapotokea. *A. K. I.* Sitaki. Mama aliubana mdomo. Mvua ikaanza kwenye mabati, kwanza taratibu. Akaacha nafasi. *K.* Akapumzika. *U.*

Halafu ikawa haiji nyingine.

Kuna jambo moja kuhusu shell ambalo mtu wa kawaida hana haja ya kulijua. Herufi unayoiona haitoki kwenye kidole chako. Unapobonyeza, herufi inasafiri hadi mashine ya mbali, na ni mashine hiyo inayoirudisha ndipo uione. Tuliyokuwa tukiyasoma pale kitandani yalikuwa yameshafika Free Area na kurudi. Mvua ilikuwa imeukata mtandao. Mwanga uliendelea kupita kwenye mistari, kwa sababu huo ulikuwa wa laptopu yenyewe, na shavu la mdogo wangu liliendelea kubonyeza, na herufi zake zilikuwa zinaenda na hazifiki popote. Mimi nilikuwa nimeinamia simu dirishani natafuta mtandao. Mama alikuwa anatazama uso wake. Hakuna aliyekuwa anatazama mwanga umesimama kwenye herufi gani.

Mtandao uliporudi na mlango ukafunguka tena, ukurasa ulikuwa umesimama pale tulipouacha. *sitaki ku*. Kishale kikipepesa mbele yake. Mdogo wangu, ambaye nadhani alikuwa ameshamaliza, aliisoma. Niliona macho yake yakienda mwisho wa mstari na kusimama. Akayafumba, na machozi yakatoka pembeni, yakaingia sikioni.

Katika lugha yetu hiyo *ku* ni mlango wa kila tendo. Kufa, kupelekwa, kuishi, kuwaacha, yote yanaingilia hapo.

"Hutaki kufa, mtoto wangu?" mama akamuuliza.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Mama akasema, ona, amesema ndiyo.

Nikainama upande wa pili nikamuuliza, hutaki kupelekwa hospitali? Macho yalikuwa bado yamefumbwa. Nilimwomba ayafumbue kwanza ndipo ajibu. Hakuyafumbua. Labda alikuwa amechoka, labda alikuwa amekasirika na sisi wote wawili, na ile mashine pia. Mama alimpangusa sikio kwa ncha ya kitambaa chake. Nilisema tutajaribu tena kesho mvua ikiisha.

Kesho yake asubuhi nilisikia mama akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Midomo ya mdogo wangu ilikuwa imebadilika rangi na kifua kilikuwa kinavuta bila kupata. Macho yalikuwa wazi nusu, hayatazami. Jirani mwenye pikapu ya viazi alikuwa ameshawasha gari nje, mama alikuwa amemwita kabla yangu.

Nikamwambia mama, mdogo wangu hakutaka kupelekwa.

"Nilisoma mimi mwenyewe," mama alisema. "Aliandika hataki kufa."

"Hakuandika kufa, mama."

"Aliandika nini basi?"

Alikuwa amemshika miguuni tayari, anasubiri mimi nishike mabegani. Alikuwa ananiuliza kweli. Kama ningekuwa na neno angelisikiliza, hilo naliamini mpaka leo. Sikuwa nalo. Nikamshika mabegani, tukambeba.

Hospitali ya Nakuru walimtia bomba. Mashine ikaanza kumpumulia, na rangi ikamrudia, na mama alipiga magoti pale kando ya kitanda akashukuru. Wauguzi walikuwa watu wema. Waliniruhusu nilete laptopu na kitufe, lakini plasta za bomba zilikuwa zimepita juu ya shavu, na hata walipozisogeza kwa ajili yangu, shavu halikusogea. Nikajaribu macho. Nilimwambia, fumba kwa ndiyo, tazama juu kwa hapana, kama zamani. Kila nilichomuuliza, alikuwa anatazama juu. Lakini mtu aliyelazwa chali hutazama juu.

Kila siku nikitoka kazini nilipita pale. Nilimsimulia mambo ya ofisi, makosa ya mitambo, duka lililouza mbolea na mtambo ukaandika maharagwe. Mashine ya kupumulia ilikuwa na mlio wake na niliongea katikati ya mlio na mlio. Sijui kama alikuwa anasikia. Daktari yule mpole alisema kwa ugonjwa huu mtu husikia, na nilitamani asingeniambia. Nilitamani angesema akili nayo imekwenda.

Alikaa hivyo wiki nyingi. Mwishowe maambukizi yaliingia kwenye mapafu na hayakusikia dawa. Alikufa mchana, mama akiwa amekwenda kununua maziwa kantini, mimi nikiwa kazini. Tulimzika Kuresoi nyuma ya nyumba, ambako udongo ni mwepesi, na wanaume waliochimba walimaliza mapema.

Baada ya mazishi niliifungua ile programu nikaitazama. Kuifanya ionyeshe herufi hapohapo inapobonyezwa, kabla hata haijaondoka kwenda mbali, ilikuwa ni mistari michache. Niliiandika kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Niliijaribu kwa kuuzima mtandao, nikabonyeza kitufe kwa kidole changu, na herufi zikaonekana zote. Sikujua niifanye nini baada ya hapo. Niliihifadhi, kama mtu anavyohifadhi kazi yoyote.

Mama hakuwahi kunilaumu, na mimi sikumlaumu. Naenda kwake, si kila Jumamosi tena. Chumba kile amekirudishia viazi vya mbegu. Huwa tunaongea bei ya mbolea, na ng'ombe, na nani amezaa. Mara moja tu, msimu uliopita, tukiwa shambani tunapalilia, alisimama akaegemea jembe, akaniuliza bila kunitazama.

"Wewe unajua kompyuta. Unadhani alikuwa anataka kusema nini?"

"Sijui, mama," nilimwambia.

Alingoja kidogo, kama anayedhani nitaongeza. Halafu akainama tukaendelea na mstari, yeye kwake na mimi kwangu, mpaka jua lilipopungua na akasema tuache, ng'ombe hawajanywa maji.